Misukosuko Inayozaliwa Ndani

Fungua kikokotoo cha simu uandike 0.3. Itoe kwenye 1, unabaki na 0.7. Zidisha 0.3 kwa 0.7, jibu lizidishe kwa 4, unapata 0.84. Sasa ifanyie 0.84 hesabu ileile: itoe kwenye 1, zidisha, kisha mara 4. Inakuja 0.5376. Endelea hivyo, kila jibu likiwa mwanzo wa hesabu inayofuata. Ukiiacha simu ishike tarakimu zote, na wewe ukaandika kwa kukadiria hadi desimali tatu, orodha itasomeka hivi: 0.840, 0.538, 0.994, 0.022, 0.088, 0.321, 0.872, 0.448, 0.989, 0.043. Mtu akiokota karatasi yenye namba hizo bila kujua zimetoka wapi atasema ni za bahati nasibu.

Rudi mwanzo, safari hii uanze na 0.301. Hatua ya kwanza inatoa 0.842 badala ya 0.840, ya tatu 0.996 badala ya 0.994, na orodha mbili bado zinakwenda sambamba. Hatua ya saba zimeanza kuachana: 0.872 kule, 0.765 huku. Ya nane ni 0.448 kwa 0.719. Hatua ya kumi ile orodha ya kwanza imezama hadi 0.043 wakati ya pili iko 0.620, na baada ya hapo hazina undugu tena. Tofauti iliyozitenga ilikuwa moja katika elfu.

Mwaka 1976 Robert May, mwanafizikia wa Australia aliyehamia kwenye elimu ya viumbe na mazingira, aliieleza hesabu hii katika jarida la Nature. Kwake ilikuwa njia ya kufuatilia idadi ya wadudu mwaka hadi mwaka: ile 0.3 ni wingi wao ukilinganishwa na kiwango cha juu kabisa, kile kinachobaki ukitoa kwenye 1 ni nafasi na chakula kilichosalia, na ile 4 ni kasi yao ya kuzaana. Punguza kasi hiyo hadi 2.8 na idadi inatulia kwenye 0.643 na kukaa hapo daima. Ipandishe hadi 3.2 na idadi inapokezana, mwaka mmoja 0.799, mwaka unaofuata 0.513, bila kuchoka. Kwenye 3.5 mzunguko unakuwa wa miaka minne. Ukivuka 3.57 hivi, mdundo unapotea kabisa, isipokuwa katika vipande vyembamba ambamo unarudi kwa muda. Kanuni haijabadilika hata kidogo, ila namba moja ndani yake imesogezwa. May aliwasihi walimu wawafundishe wanafunzi hesabu hii mapema, ili wasikue wakiamini kwamba kanuni nyepesi lazima itoe mwenendo mwepesi.

Tukiona jambo linayumba tunauliza nani kalitikisa. Bei ya zao ikiruka tunawataja walanguzi, ikianguka tunawataja walewale. Hesabu ya May inaleta uwezekano mwingine, kwamba msukosuko unaweza kuzaliwa ndani ya mfumo wenyewe, kanuni zikiwa zilezile na mtu yeyote asiwe ameugusa. Je, uwezekano huo ni wa kweli nje ya karatasi? Katika fizikia jibu ni ndiyo, na limethibitishwa kwa vipimo. Katika uchumi jibu ni gumu zaidi. Nadhani pia ni la manufaa zaidi kuliko wanavyokiri wale walioushangilia utafiti wa aina hii na wale walioupuuza.

Kwanza tuweke wazi kinachozungumzwa. Uhusiano mnyoofu ni ule ambao ukiongeza chanzo mara mbili, matokeo nayo yanaongezeka mara mbili, na tatizo kubwa unaweza kulikata vipande, ukavitatua kimoja kimoja, kisha ukavijumlisha. Mambo mengi hayako hivyo. Mfuko wa kwanza wa mbolea kwenye ekari unaongeza mavuno. Wa kumi unaunguza mazao. Pale ambapo matokeo yanarudi kuwa chanzo cha hatua inayofuata, kama katika hesabu ya May, kupinda huko kwa uhusiano kunajirudia juu ya kupinda kwingine, na hapo ndipo mambo ya ajabu yanapoanza. Shuleni tulifundishwa zaidi ile milinganyo minyoofu kwa sababu inatatulika kwa kalamu, tukaondoka na imani kwamba ulimwengu nao umenyooka.

Aliyeuona ufa wa kwanza ni Mfaransa Henri Poincaré. Mfalme Oscar II wa Sweden alipokaribia kutimiza miaka 60, mwaka 1889, yaliandaliwa mashindano ya hisabati, na mojawapo ya maswali lilihusu mwendo wa magimba ya angani yanayovutana. Poincaré alishinda kwa kazi juu ya magimba matatu. Andiko lilipokuwa linatayarishwa kuchapwa, mhariri kijana Edvard Phragmén aliuliza juu ya sehemu zisizoeleweka, na katika kuzijibu Poincaré akagundua kosa kubwa katika hoja yake mwenyewe. Nakala zilizokwisha kuchapwa zikakusanywa, naye akalipa gharama ya kuchapa upya, zaidi ya kronor 3,500, ilhali tuzo ilikuwa 2,500. Andiko lililosahihishwa, la mwaka 1890, lilikuwa na jambo zito kuliko lile la awali: magimba matatu tu, yakifuata sheria za Newton bila kukiuka hata moja, yanaweza kwenda njia zilizosokotana kiasi kwamba hakuna fomula ya kuzifuata.

Kwa miaka 70 jambo hilo lilibaki la wachache. Kilicholifanya liwe la wengi ni kompyuta. Majira ya baridi ya mwaka 1961, Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo cha MIT, alikuwa anaendesha modeli ndogo ya angahewa yenye milinganyo 12 kwenye mashine ya LGP-30. Alitaka kukitazama tena kipande kimoja cha matokeo, akaichukua namba kutoka kwenye karatasi iliyochapwa na kuiingiza upya kama mwanzo. Ndani ya mashine namba hiyo ilikuwa 0.506127, karatasi ilionyesha 0.506. Aliiacha mashine ikifanya kazi, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya kama saa moja, hali ya hewa ya kwenye modeli ilikuwa imeachana kabisa na ile ya mara ya kwanza. Alidhani kifaa kimeharibika. Alipofuatilia namba moja baada ya nyingine aliona kosa dogo la mwanzo limekuwa likijiongeza mara mbili kila siku nne hivi za modeli, hadi likaimeza picha yote.

Mwaka 1963 alichapisha matokeo kwa modeli iliyopunguzwa hadi milinganyo mitatu tu. Hesabu za kompyuta zilifanywa kwa msaada wa Ellen Fetter, aliyepokea kazi hiyo kutoka kwa Margaret Hamilton, yule ambaye baadaye aliongoza uandishi wa programu za vyombo vya Apollo. Ukichora mwendo wa milinganyo hiyo mitatu, mstari unazunguka upande mmoja mara kadhaa, unavuka upande wa pili, unarudi, na haupiti mahali pamoja mara mbili. Hata hivyo hautoki nje ya umbo lake, na hili ndilo linalosahaulika watu wanaposimulia habari za kipepeo anayeleta tufani kwa kupiga mabawa yake. Siku gani mstari utavuka huwezi kusema kwa mbali, lakini mipaka ya mahali utakapokuwa unaijua vizuri. Machafuko ya aina hii yana umbo, na umbo hilo linachunguzika.

Kuna hesabu moja inayofaa kushikwa hapa. Katika mfano wetu wa simu kosa linakua kwa wastani mara mbili kila hatua. Kwa hiyo ukiboresha kipimo chako cha mwanzo mara elfu moja, kazi ya gharama kubwa katika maabara yoyote, unachonunua ni hatua kumi zaidi za kutabiri. Ukikiboresha mara elfu tena, unapata kumi nyingine. Ndiyo maana utabiri wa hali ya hewa wa siku moja moja unagota karibu na wiki mbili hata dunia ikijaa satelaiti. Jacques Laskar wa Paris alionyesha mwaka 1989 kwamba sayari nazo ziko humohumo, ila saa yao ni ndefu: kosa la mita 15 katika mahali ilipo Dunia leo linakuwa mita 150 baada ya miaka milioni 10, na kilomita milioni 150 baada ya miaka milioni 100, umbali sawa na ule wa kutoka hapa hadi kwenye Jua.

Wataalamu wa hali ya hewa waliupokea ukweli huu kwa namna ambayo wachumi wangeweza kuiga mapema zaidi. Badala ya kuendesha modeli mara moja na kutangaza jibu, kuanzia Desemba 1992 vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani vilianza kuiendesha mara nyingi, kila mara kwa mwanzo uliotofautishwa kidogo. Majibu yakikubaliana, utabiri una nguvu. Yakitawanyika, watu wanaambiwa hivyo. Sisi tunaliona jambo hili kila msimu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotangaza uwezekano wa mvua za wastani hadi juu ya wastani. Wapo wanaosikia hapo woga wa kusema jambo moja. Ninavyoona mimi, hiyo ndiyo lugha sahihi kabisa ya mfumo ambao siku zake hazitabiriki lakini misimu yake kwa sehemu inatabirika, kwa kuwa bahari inabadilika polepole kuliko hewa. Mvua za vuli zinashikana sana na joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, kama mafuriko ya 1997 na ya 2019 yalivyoonyesha, na hutabirika vizuri kuliko masika.

Bado mtu angeweza kusema kwamba hizi zote ni modeli za kwenye kompyuta. Mwanafizikia Mitchell Feigenbaum, akiwa maabara ya Los Alamos mwaka 1975 na kikokotoo cha mkononi, aliona kwamba ile njia ya mzunguko wa miaka miwili kuwa minne, minne kuwa minane, inafuata uwiano mmoja, 4.669, na kwamba uwiano huohuo unatokea kwenye fomula nyingine zisizofanana na ya May, almradi zina kilima kimoja chenye kilele cha namna ileile. Miaka michache baadaye Albert Libchaber na Jean Maurer walipasha joto heliamu ya kimiminika ndani ya kijumba kidogo cha chuma jijini Paris, wakaona mzunguko wa mawimbi yake ukirefuka maradufu tena na tena kwa uwiano ulioelekea kwenye namba hiyo. Kuanzia hapo mwanafizikia aliweza kuiamini fomula ya mchezo, kwa sababu tabia aliyoiona humo haikutegemea undani wa kitu kinachotikisika.

Si kila kisicho kinyoofu ni machafuko, na hapa pana mkanganyiko mkubwa katika maandishi mengi. Daraja la waenda kwa miguu la Millennium lilipofunguliwa London Juni 2000 lilianza kuyumba ubavuni, likafungwa baada ya siku mbili. Watu waliokuwa juu yake hawakuwa wamepanga kukanyaga pamoja. Daraja lilipoyumba kidogo kila mmoja alirekebisha hatua zake ili asianguke, na marekebisho hayo yakalisukuma daraja kwa mdundo wake lenyewe. Idadi ya watu ikiwa chini ya kizingiti fulani hakukuwa na tatizo lolote. Ilipovuka, mtikisiko ulijichochea wenyewe. Humo hamna machafuko, mna mpangilio uliopitiliza. Kizingiti na mrejesho unaochochea, nadhani, ni sehemu ya elimu hii iliyo na kazi nyingi zaidi sokoni kuliko kipepeo wa Lorenz.

Tuingie basi kwenye uchumi. Mwaka 1933 Ragnar Frisch wa Norway aliweka picha ambayo bado inatawala. Uchumi, kwa mtazamo wake, ni kama farasi wa mbao wa kubembea: ukiachwa unatulia wenyewe, na unaendelea kubembea kwa sababu tu unapigwapigwa kutoka nje, na vita, ukame, uvumbuzi, siasa. Milinganyo yake ilikuwa minyoofu. Katika picha hiyo msukosuko hauna chimbuko ndani, na kazi ya mchumi ni kutafuta kigongo kilichompiga farasi.

Miaka mitano kabla yake Mjerumani Arthur Hanau alikuwa ameshachapisha uchunguzi uliopingana na picha hiyo. Bei ya nguruwe nchini Ujerumani ilipanda na kushuka kwa mawimbi ya miaka mitatu hadi minne. Bei ikiwa nzuri wafugaji wanaongeza majike. Nguruwe wanachukua muda kuzaliwa na kukua. Wanapofika sokoni wamefika wote pamoja, bei inaanguka, wafugaji wanapunguza, na upungufu unaipandisha tena. Mchumi Nicholas Kaldor aliipa hali hiyo jina la utando wa buibui, kwa jinsi mchoro wake unavyojizungusha kati ya mstari wa wauzaji na wa wanunuzi. Yeyote aliyelima nyanya, vitunguu au tangawizi kwa kufuata bei ya msimu uliopita hahitaji mchoro.

Mwaka 1961 mchumi John Muth aliuliza swali ambalo halikwepeki. Kama wimbi ni la kawaida namna hiyo, mbona wakulima hawajifunzi? Atakayepanda wakati wenzake wanaacha atapata faida, wengine watamwiga, na wimbi litakufa. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba kwa karibu miaka 20 iliufunika utando wa buibui, na nafasi yake ikachukuliwa na modeli ambazo kila mtu anakadiria yajayo kwa usahihi. Jibu lilikuja kupitia hesabu za aina ya May. Mistari ya wauzaji na wanunuzi ikiwa imenyooka, bei ina njia tatu tu: itulie, izunguke vilevile, au ilipuke. Ukiipinda kidogo, kwa mfano ukikubali kwamba mkulima hawezi kupanua shamba bila kikomo hata bei ikiwa juu namna gani, njia ya nne inafunguka, nayo ni bei inayoyumba bila mdundo. Cars Hommes wa Amsterdam alionyesha hilo miaka ya 1990. Makosa ya mkulima katika bei kama hizo yanaweza yasijirudie kwa utaratibu unaoonekana, hivyo mtu mwenye akili timamu anaweza kukosea mwaka hadi mwaka bila kuona somo lolote la kushika. Muth alikuwa ameliua wimbi la kawaida tu.

Kahawa inatuonyesha jambo hili kwa upana kuliko nguruwe. Mbuni unachukua miaka mitatu hadi minne kuanza kuzaa, kisha unaweza kuzaa kwa miongo. Julai 1975 baridi kali ya kugandisha iliteketeza mashamba ya Brazil, hasa jimbo la Paraná. Bei ya dunia ilipanda hadi ikavuka dola 3 kwa ratili mwaka 1977. Kwetu Afrika Mashariki huo ulikuwa wakati wa neema kwa wakulima wa milimani, na wakati wa magendo ya Chepkube, ambako kahawa ya Uganda chini ya Idi Amin ilivushwa kuingia Kenya. Bei hizo zilichochea upandaji wa miche duniani kote. Mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya kuuza nje ulivunjika Julai 1989, bei zikaporomoka, mashamba yakatelekezwa. Baridi ikaipiga Brazil tena mwaka 1994, bei ikaruka, safari hii Vietnam ikapanda kwa kasi hadi mwisho wa muongo ikawa ya pili duniani kwa uzalishaji. Mwaka 2001 bei ilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili, na mkulima wa Kagera au Kilimanjaro hakuweza kulipa hata vibarua wa kuchuma.

Ukiitazama historia hiyo kwa macho ya Frisch utasema: baridi, mkataba, baridi, Vietnam. Kila tukio lina tarehe na mtu wa kulaumu. Lakini tazama kinachotokea kati ya tarehe hizo. Bei ikipanda watu wanapanda miche. Ikishuka hawang'oi. Mkulima anaacha kupalilia, anaacha mbolea na dawa, labda anapanda migomba au maharage katikati, na mbuni unaendelea kuzaa kwa unyonge kwa miaka. Kupanda kwa bei na kushuka kwake hakufanyi kazi sawa. Njia ya kwenda si njia ya kurudi. Kisha kuna akiba ghalani. Maghala yakiwa yamejaa, baridi ya Brazil inapunguza akiba na bei inatikisika kidogo. Maghala yakiwa matupu baridi ileile inaweza kuipandisha bei maradufu, kwa sababu hakuna mfuko mwingine wa kuuza. Ukubwa wa pigo hautuambii ukubwa wa matokeo. Hali ya ndani ya mfumo siku pigo linapotua ndiyo inayoamua, na hali hiyo imejengwa na bei za miaka mitano hadi kumi iliyopita.

Kwa sababu hiyo naona ubishi kati ya wanaosema misukosuko inatoka nje na wanaosema inatoka ndani umepangwa vibaya tangu mwanzo. Baridi ni ya nje, hakuna anayebisha. Kilicho cha ndani ni kipaza sauti chake.

Mbaazi inasimulia jambo hilo kwa muda mfupi zaidi. Mavuno ya India yalikuwa haba mwaka 2015, bei ikapaa, na wakulima wa Babati, Lindi, Mtwara, Malawi na Msumbiji wakaongeza mbaazi. Wakulima wa India nao waliiona bei ileile wakafanya vivyo hivyo. Mavuno yakakutana. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo kwa mbaazi za kutoka nje, na bei ya shambani huku kwetu ikaporomoka hadi watu wengine wakaona afadhali kuacha zao shambani. Wengi waliilaumu India, na uamuzi wake kweli uliumiza. Ila uamuzi huo haukuanguka kutoka mbinguni: serikali iliyojaa mbaazi za wakulima wake yenyewe ilitarajiwa kufunga mlango, kama ilivyotarajiwa kuufungua ilipokuwa na njaa ya mbaazi. Sera nayo ilikuwa sehemu ya mzunguko.

Je, machafuko halisi, yale ya Lorenz, yamewahi kupatikana katika takwimu za uchumi? Miaka ya 1980 matumaini yalikuwa makubwa. Taasisi ya Santa Fe, iliyoanzishwa mwaka 1984 huko New Mexico, iliwakutanisha wanafizikia na wachumi mwaka 1987 chini ya mwanafizikia Philip Anderson na mchumi Kenneth Arrow. William Brock, Davis Dechert na José Scheinkman walibuni kipimo cha kuchunguza kama mfululizo wa bei ni bahati nasibu tupu. Kipimo hicho, kilipowekwa juu ya bei za hisa na nyinginezo, kiliona kwa uwazi kwamba si bahati nasibu tupu na kwamba uhusiano mnyoofu hautoshi kuzieleza. Ushahidi wa machafuko yanayotokana na kanuni chache, kama ile milinganyo mitatu, haukusimama imara. Sababu moja ni ya kawaida: Libchaber aliweza kurudia jaribio lake na kulisoma kwa muda mrefu, wakati takwimu za pato la taifa za kila robo mwaka kwa miaka 50 ni namba 200 tu, zenye makosa ya kupimia ndani yake. Historia ya kahawa tunayo moja.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na hapa ndipo fizikia inapoachana na soko. Heliamu haisomi utabiri wa Libchaber. Wakulima, mabenki na mawaziri wanasoma. Mchumi Brian Arthur aliliweka hili mwaka 1994 kwa mfano wa baa ya El Farol iliyoko Santa Fe: watu 100 wanapenda kwenda Alhamisi, lakini inapendeza tu ikiwa na watu wasiozidi 60. Utabiri wowote ambao wote wanauamini unajibatilisha. Ukisema itajaa, inabaki tupu. Katika jaribio lake la kompyuta mahudhurio yalizunguka karibu na 60 bila kutulia kamwe.

Peter Heemeijer, Hommes na wenzao walilifikisha suala hili kwenye maabara ya watu halisi, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Washiriki walitakiwa kutabiri bei, na bei ilitokana na utabiri wao. Kundi moja lilikuwa na soko la namna ya shamba: wengi wakitarajia bei kubwa, wanazalisha sana na bei inashuka. Kundi la pili lilikuwa na soko la namna ya hisa: wengi wakitarajia bei kubwa, wananunua na bei inapanda. Bei ya msawazo ilikuwa 60 kwa wote. Soko la kwanza lilitulia haraka. La pili lilipanda na kushuka kwa mawimbi ya polepole, washiriki wakifuatana bila kuonana. Matokeo hayo yanaudhibiti utando wa buibui: watu hujifunza pale mrejesho unapowatuliza na hali si kali mno. Yanaonyesha pia hatari kubwa iko wapi, kwenye masoko ambamo matarajio yanajithibitisha yenyewe.

Oktoba 19, 1987 soko la hisa la New York lilishuka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Mchumi Robert Shiller aliwatumia wawekezaji maswali wiki hiyohiyo, na hakupata habari yoyote moja iliyowatisha; walichokuwa wanakifuata ni kushuka kwa bei kwenyewe. Wawekezaji wakubwa walikuwa na programu za kuuza hisa kila bei iliposhuka ili kujikinga. Kila mmoja alikuwa na busara yake, na busara hizo zilipotumika pamoja ziliifanya kila hatua ya kushuka izae inayofuata. Ni daraja la London tena, kwa fedha.

Na kuna thibitisho la kuvutia kwamba elimu hii inasafiri. Mwaka 1972, kabla ya ile hesabu ya wadudu, Robert May alionyesha kwamba mfumo mkubwa wenye viungo vingi na vyenye nguvu kati ya sehemu zake, tofauti na ilivyodhaniwa, unaelekea kuyumba zaidi. Mwaka 2011, mabenki yakiwa yametoka kuangushana, aliandika pamoja na Andrew Haldane wa Benki Kuu ya Uingereza wakiutumia mtazamo huo kwa mabenki: kila benki ilitawanya hatari zake hadi zote zikafanana, na kilichoonekana salama kwa mmoja mmoja kikawa hatari kwa wote.

Kwa nchi zinazouza mazao, kazi inayotokana na haya si ya kubahatisha bei ya mwaka kesho kutwa. Ni kutafuta ucheleweshaji na vizingiti viko wapi, kisha kuvigusa hivyo. Chukua stakabadhi ghalani, ambayo Tanzania iliitungia sheria mwaka 2005 na kuitumia kwa korosho za kusini, baadaye ufuta na mbaazi. Inapofanya kazi vizuri inamwezesha mkulima asiuze wiki ileile ambayo kila mtu anauza, na hivyo inapunguza ule mporomoko wa wakati wa mavuno. Lakini kinachofanya wakulima wa mabara matatu wapande zao lilelile mwaka uleule hakiguswi. Hicho kinahitaji habari za namna nyingine. Tunatangaza bei za jana kwa bidii, redioni na kwa simu, na bei ya jana ndiyo hasa inayoendesha utando wa buibui. Ekari zilizopandwa msimu huu, hapa na kwa washindani, zinatangazwa kwa kuchelewa au hazitangazwi kabisa.

Februari 2025 kahawa aina ya arabika ilivuka dola 4 kwa ratili, bei ya juu kuliko zote zilizokuwa zimewahi kurekodiwa hadi wakati huo, bila kuhesabu mfumuko wa bei. Miche iliyotiwa ardhini kwa sababu ya bei nzuri za kahawa wakati huo, kuanzia Karatu na Mbinga hadi nyanda za juu za Vietnam, itaanza kuzaa kati ya mwaka 2028 na 2029, na vitalu vinajua ni mingapi viliuza.